Sabuni ya Kufulia Nguo za Bikira

Sabadell, 9 Januari 1983

Shangazi Eufrasia mpendwa,

Natumaini hujambo, na kwamba baridi ya huko mlimani imekuachia miguu yako. Sisi huku tuko salama. Genís amehamishiwa zamu ya asubuhi kiwandani, kwa hiyo sasa mume wangu na mimi tunaonana kila jioni, na ndoa yetu bado inalizoea jambo hilo. Watoto wanapokezana mafua. Mama mkwe wangu, Bi Mercè, anakusalimu na anauliza kama ni kweli huko Cortijuela mnachinja nguruwe barabarani mchana kweupe. Nimemwambia ndiyo, ili asije.

Shida yangu ni hii. Nimejaribu kupika sabuni. Mafuta nilikusanya tangu kiangazi, ya zeituni tupu, nikayachuja kwa kitambaa kama ulivyonifundisha. Kostiki, ile soda inayounguza, nikaitia kwenye maji, wala sikumwaga maji juu ya kostiki. Hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu ulinipiga mkononi kwa mwiko. Kisha nikaanza kukoroga ndani ya sufuria ya Bi Mercè. Shangazi, ile sufuria ilizomea kama paka aliyekanyagwa. Povu jeusi likapanda, chumba kikanuka kama ghala la betri. Bi Mercè akasimama mlangoni.

"Tiscar, hiyo ni sufuria yangu ya harusi."

"Ilikuwa, Mama," nikasema.

Nimekosea wapi? Niandikie, usinipigie. Simu ya kijiji iko kwenye baa ya Blas, na sitaki wacheza dhumna wote wajue habari za sufuria kabla hata sijakata.

Akupendaye,
Tiscar


Cortijuela, 23 Januari 1983

Tiscar mwanangu,

Barua yako nimeipata, nami ni mzima. Kumeanguka theluji kidogo, imekaa nusu siku, ikaona hakuna cha kutazama, ikaondoka. Zeituni zimekwisha kuchumwa na nimeletewa mitungi yangu miwili ya mafuta kutoka kinuni. Paka amezaa tena. Baba wa watoto hajulikani, ingawa paka wa padri anatembea akitazama chini.

Sufuria yako ni ya alumini. Hukuniambia, lakini hakuna nyingine inayozomea. Kostiki huitafuna alumini. Tumia ndoo ya plastiki nene, au chuma chenye rangi isiyobanduka, na mwiko wa mti. Bi Mercè mnunulie sufuria nyingine. Hiyo yenye tundu mwambie apandie maua, na kwamba ndivyo wanavyofanya watu wa kwetu Jaén. Anaonekana ni mtu wa kuamini mambo.

Huku Bikira Maria wetu, yule wa sanamu kanisani, atabadilishwa nguo Agosti kama kawaida, na kuzifua ni kazi yangu. Padri mpya, Padri Liborio, aliniuliza kwa nini tusizipeleke kwa dobi wa mjini. Nilimtazama tu. Sasa akiniona anavuka barabara. Masharti unayajua: anayefua hutumia sabuni aliyoipika mwenyewe, kwa mafuta yaliyokaangia chakula cha nyumba yake. Sabuni ya duka haitakiwi, wala ya kuomba, wala ya mafuta mapya ambayo hayajalisha mtu. Asiye na sabuni anamwachia anayefuata. Anayefuata ni jirani yangu Olvido, na tayari amefunga kamba mpya ya kuanikia, ndefu kama ya meli. Mimi miche yangu ya sabuni ya zamani iliisha mwaka jana. Usiwe na wasiwasi, nitapika mingine.

Nina swali, ila si langu. Ni la huyo huyo Olvido. Sabuni yake haigandi. Imekaa tangu kabla ya Krismasi na bado ukiibonyeza kidole kinazama kama kwenye jibini. Wewe unafanya kazi kwenye rangi za nyuzi, na mna yule bwana wa dawa za rangi anayejua kila kitu. Mwulize. Nitamfikishia Olvido.

Shangazi yako,
Eufrasia


Sabadell, 6 Februari 1983

Shangazi mpendwa,

Salamu zako zimefika kwa wote. Binti yetu Lurdes ameng'oka jino, na Bi Mercè ameipanda jeraniamu kwenye sufuria. Anawaonyesha wageni na kuwaambia habari za Jaén.

Nimepika tena, ndani ya ndoo ya plastiki, kibarazani, ili harufu iende kwa majirani. Nilikoroga mpaka bega likafa ganzi. Ikaanza kuwa nzito kama uji, nikafurahi, nikamimina kwenye kasha. Asubuhi nakuta mafuta yanaelea juu na maji yametulia chini, kila kimoja kivyake, kama watu waliogombana wakalala. Ni kwa sababu nilibadilisha mkono nikakoroga upande wa pili? Najua ulikataza.

Kuhusu Olvido, bwana wa dawa anauliza: mafuta yake ni ya nini? Ya zeituni hutoa sabuni ngumu, japo taratibu. Mengine hayagandi hata ukiyasubiri mpaka uzee. Nami naona ajabu kidogo. Ninavyomjua, Olvido angeuliza mbuzi kabla ya kukuuliza wewe habari za sabuni. Lakini watu hubadilika.

Wako,
Tiscar


Cortijuela, 20 Februari 1983

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu, nilikuwa na kazi. Kwaresima imeanza na mhubiri mgeni ametuambia tupunguze kula. Nilimsikiliza nikaona hana la kunipunguzia.

Sabuni yako ilikatika. Mkono una lawama yake, anayekoroga huku na huko anaichanganya sabuni akili, hivyo ndivyo nilivyofundishwa na sibadilishi. Lakini mkosaji mkubwa ni kibaraza chako. Mwezi wa pili, nje! Mafuta yamepigwa na baridi, yakawa mazito kwa ubaridi, ukadhani yameshika. Usiitupe. Rudisha yote kwenye ndoo, mafuta na maji, usiache hata tone kwa sababu kostiki iko humo humo. Weka ndoo ndani ya karai la maji moto. Koroga upande mmoja, bila haraka. Ikishika kweli utajua: ukiinua mwiko na kuchora mstari juu yake, mstari unabaki. Kisha ifunike blanketi, uiache ndani ya nyumba.

Sasa Olvido. Maskini, amepika mara ya pili. Hii imeganda kidogo, lakini imeota madoa ya rangi ya chungwa, na ukiikaribia inanuka ngisi. Anaapa mafuta ni ya zeituni. Anaapa pia aliyachemsha na maji ili kuondoa chumvi na makombo. Mwulize bwana wako madoa yanatolewaje. Ajibu upesi. Sabuni inataka kukaushwa miezi kadhaa, na Agosti haimngoji mtu.

Eufrasia


Sabadell, 27 Februari 1983

Shangazi,

Tuko wazima wote, hata jeraniamu. Ile sabuni niliipasha moto kama ulivyosema, ikarudi kuwa kitu kimoja. Nilimwita Genís aje aone mstari. Akaja, akaona mstari, akarudi kwenye mpira. Ila juu imepata vumbi jeupe, na nikigusa kwa ncha ya ulimi inaniuma kama nimelamba betri. Niambie.

Sasa nami nina swali. Nyumbani kwa Olvido wanakaa watu wengi: yeye, mumewe, mwanawe na mkewe, na wajukuu wale wanaokula mpaka kiti. Kule karai haliondoki motoni. Mafuta ya zeituni yaliyokaangia lazima yamejaa mtungi. Kwa nini sabuni yake inuke ngisi, na ngisi huko mlimani anakaangwa baa peke yake?

Halafu nikafikiri. Tangu Mjomba Fermín afariki, wewe unakaa peke yako.

Shangazi, unakula nini siku hizi? Niandikie jana usiku ulikula nini.

Tiscar


Sabadell, 20 Machi 1983

Shangazi mpendwa,

Hujajibu. Natumaini ni posta.

Jumanne nilivunja masharti yangu mwenyewe, nikapiga simu baa. Blas akapokea. "Shangazi yako? Alikuwa hapa asubuhi na ndoo yake." Nikamwuliza ndoo ya nini. Akasema, "Aa, mwulize mwenyewe," akakuita. Ukaja ukapiga kelele, "Wazima wote! Simu ni ghali!" ukakata. Na anayelipa ni mimi.

Sitaki ugomvi. Nakupa jibu la bwana wa dawa, umfikishie Olvido. Mafuta ya baa ni ya alizeti, tena yamepigwa moto mpaka yamechoka. Alizeti peke yake haitoi mche mgumu, na yakichoka namna hiyo ndiyo yanayoota madoa na kuvunda. Madoa hayatolewi. Sabuni hiyo ni ya kudekia sakafu tu, na afadhali ya Blas.

Hilo ndilo la bwana wa dawa. La kwangu ni hili. Hata ingeganda kama jiwe isingefaa, kwa sababu mafuta hayo yamelisha nyumba ya Blas. Nyumba ya Olvido haikuonja. Nadhani Olvido anajua, ndiyo maana hajalala vizuri.

Anayo mitungi miwili ya zeituni kutoka kinuni, imejaa. Juma Kuu linaanza wiki ijayo. Mwambie akaange. Sisi hatuwezi kuja kula, Genís hana likizo mpaka Krismasi, na ningekuja kwa miguu kama ningeweza. Lakini nimeyapitia masharti kichwani, neno kwa neno. Yanasema chakula cha nyumba yake. Hayasemi walaji wawe wa damu yake.

Akupendaye bila kukasirika,
Tiscar


Cortijuela, 10 Aprili 1983

Tiscar mwanangu,

Heri ya Pasaka kwako, kwa Genís, kwa watoto, na kwa Bi Mercè na maua yake. Mimi ni mzima. Jana usiku nilikula mayai mawili na viazi, kwa kuwa unataka kujua, na leo mchana kunde.

Kwanza sabuni yako. Vumbi jeupe ni la hewa tu, limeingia kwa sababu hukufunika vizuri. Likwangue kwa kisu, halina madhara. Kuuma ulimi ni jambo jingine. Wewe unafuata vipimo vyangu, lakini kostiki yangu imekaa kwenye mkebe usiofunga tangu zamani, imelegea. Yako imetoka dukani juzi na ina hasira zake zote. Safari nyingine punguza robo. Hii uliyonayo ikune, iyeyushe na maji kidogo na kikombe cha mafuta, moto mdogo, ukikoroga mpaka iwe kama viazi vya kupondwa. Onja tena ikipoa. Isipouma, iogee.

La pili. Nilikaanga Juma Kuu. Nilikaanga kwa sababu zangu, si kwa ushauri wa mtu.

Alhamisi Kuu asubuhi nilifungua mtungi na kukaanga maandazi ya asali, yale ya anisi. Samaki sikumgusa, harufu yake haitoki kwenye sabuni. Nikajaza sahani nne. Nikakaa. Hakuja mtu. Na waje kwa nini? Mlango wangu watu wameuzoea umefungwa. Nikala mawili, nikaona kwa mwendo huo sabuni itakuwa tayari Bikira akiwa amezeeka. Basi nikalitoa jiko mpaka kizingitini, mlango wazi, moshi ukaelekea barabarani. Wajukuu wa Olvido wakafika kabla andazi la kwanza halijageuzwa. Nyuma yao nyanya yao, mikono kiunoni.

"Frasia, unawashibisha hawa kabla ya chakula cha mchana?"

"Mimi nakaanga. Wanaokula ni wao."

Akalitazama karai. Akaitazama ndoo iliyokuwa ukutani, na kitambaa cha kuchujia juu yake. Olvido ana mengi, ujinga hana.

"Haya ni mafuta ya Agosti," akasema.

"Ni mafuta ya Alhamisi Kuu. Keti au ondoka, unanizibia hewa."

"Kwa hiyo nikila, nakufanyia sabuni wewe."

"Basi usile."

Asali ilikuwa inachuruzika. Mwisho akavuta kiti.

"Nipe lile lililoungua pembeni. Fermín alikuwa akisema maandazi yako ni matamu kuliko tabia yako."

"Alikuambia lini?"

"Kila Juma Kuu, akija na sahani yetu. Ulidhani alikuwa anachelewa wapi?"

Nikageuza maandazi. Olvido alikula sita. La sita alilila akinitazama usoni, kama mtu anayetia sahihi. Mpaka Jumapili barabara nzima ilikuwa imepita, hata Padri Liborio, akavuka kuja upande wangu safari hii. Mtungi wa kwanza umeingia tumboni mwa watu nusu yake, na nusu imebaki kwenye ndoo, ya dhahabu, haina ngisi.

Jumatano nimekoroga. Mstari umebaki.

Yule Olvido wa barua zetu hajambo. Ameacha kwenda baa.

Shangazi yako,
Eufrasia


Sabadell, 15 Mei 1983

Shangazi mpendwa,

Barua yako nimeisomea jikoni kwa sauti, na Bi Mercè amenilazimisha nirudie pale pa andazi la sita. Anasema angekula saba. Sabuni imeacha kuuma. Genís ameogea bila kuambiwa, na huko kwao hiyo ndiyo shahada.

Sisi tuko salama, mwanetu Pau amepasi hesabu kwa rehema. Kwa hiyo nauliza moja tu: imekauka? Usinifiche. Na kama umefanya tena kitu kwa ajili ya Olvido wa barua, nifahamishe, nimemzoea.

Tiscar


Cortijuela, 19 Agosti 1983

Tiscar mwanangu,

Nisamehe ukimya. Sikutaka kuandika kabla ya siku yenyewe. Mtu akisema mapema huonekana mjinga mara mbili. Niko vizuri, joto ni la kuchoma, paka wadogo wote wamepata wenyewe. Nawasalimu kila mmoja kwa jina lake.

Tumefua tarehe tisa, kwenye mabirika ya mawe, yale ya kufulia ya kijiji. Wanawake walikuwa wamejaa, wengine hawana hata kitambaa cha kufua, wamekuja na macho. Olvido alikuwa na mche wake ndani ya aproni. Aliufunika, lakini aproni ilikuwa inaning'inia upande mmoja. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningechukua miwili.

Nikauweka mche wangu juu ya jiwe. Mweupe, umekauka mpaka ukigongwa unalia. Olvido akauchukua bila kuomba ruhusa, akaukwaruza kwa ukucha, akaunusa, akaugusa kwa ulimi. Mimi nikakunja mikono yangu kama mtu asiye na habari.

"Hii," akawaambia, "ina andazi langu ndani yake. Nalijua." Kisha akanigeukia. "Una sabuni, Frasia. Unangoja nini, Bikira aje ajifulie?"

Nikaanza. Shumizi za lesi, vitambaa vya altare, shuka la chini ya kiti chake. Povu dogo, zito, lile linalofanya kazi bila makelele. Doa la nta la tangu mwaka juzi likatoka. Nilipofika kwenye shuka, mikono yangu ilikuwa imezeeka kuliko nilivyodhani. Shuka la maji halikamuliki na mtu mmoja, nami nilizoea kukamua na Fermín. Olvido alikuwa ameshashika ncha ya pili.

"Zungusha upande wako," akasema.

"Wewe zungusha. Unazungusha kinyume."

"Nazungusha kama watu."

Tukalikamua hivyo, tukigombana, mpaka halikudondosha hata tone. Tulilianika kwenye kamba yake, maana ni ndefu kweli, na tarehe kumi na tano Bikira alitoka kwenye maandamano mweupe kiasi kwamba Padri Liborio ameacha kumtaja dobi.

Mche uliobaki nakutumia nusu. Usiuogee, uweke.

Ningeandika zaidi, lakini leo ni Ijumaa. Tangu Pasaka wameamua kwamba Ijumaa mlango wangu uko wazi. Hakuna aliyeniuliza. Mtungi wa pili umefika katikati na nina sabuni ya kufulia kanisa zima pamoja na mapaa yake. Viti vinaburuzwa huko nje, na Olvido anauliza kwa sauti kama leo tutakula au tutasoma. Karai lina moto. Kwaheri, mwanangu.

Eufrasia